Mwinyi Mwenye Sura Nyingi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, mpate nafasi wote. Leo simsimulii Sungura wala Fisi. Nimewaletea paka wa kweli, mwenye manyoya meusi na meupe, aliyechorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1603 na ambaye hadi leo humtazama usoni kila anayesimama mbele yake. Picha yake imo katika nyumba kubwa ya kale iitwayo Boughton, huko Northamptonshire, Uingereza. Amekaa dirishani, ametulia tuli.

Kando ya paka huyo yuko bwana wa miaka 29. Amevaa nguo nyeusi. Nywele zake ni ndefu mno, zimemwangukia begani na kushuka kifuani, na uso wake mrefu umepauka kama wa mtu aliyetoka kuugua. Karibu yake kuna kitabu chenye nembo ya ukoo wake juu ya jalada. Pembeni, juu, mchoraji ameingiza picha nyingine ndogo ndani ya picha: ni ngome yenye kuta nene na minara, nayo ni Mnara wa London. Chini ya picha hiyo ndogo kuna maneno ya Kilatini yenye maana kwamba alifungwa minyororo lakini hakushindwa, kisha zimeandikwa tarehe, kuanzia Februari 1600 mpaka Aprili 1603.

Basi mmeshajua kwamba huyu ni mfungwa, au alikuwa mfungwa. Lakini ngojeni kidogo kabla sijawapa jina lake, maana hapa ndipo ulipo ufunguo wa picha zote za zamani.

Siku hizi mtu akitoa simu mfukoni, picha hupatikana kwa kufumba na kufumbua, na hata kuku aliyekuwa akipita nyuma huingia bila kualikwa. Picha ya mwaka 1603 haikupatikana hivyo. Mwenye mali alimwita mchoraji, wakapatana bei, akajiweka mbele yake, na kila kilichoingia ndani ya picha kiliingizwa kwa makusudi. Nguo ilichaguliwa, hata mahali pa kuweka mkono palichaguliwa. Kwa hiyo mkiiona picha ya namna hii msiishie kuuliza huyu ni nani. Ulizeni pia alitaka tumwone vipi. Na mkishajibu hilo, mtafuteni ambaye hayumo.

Bwana mwenye paka aliitwa Henry Wriothesley. Cheo chake kilikuwa Erli wa Southampton, wa tatu kukishika. Erli ni mwinyi wa daraja la juu, na cheo chake hurithiwa na mtoto wa kiume pamoja na mashamba, majumba na watu wa kuhudumu. Utajiri wa ukoo huu haukuwa wa zamani sana. Babu yake, Thomas, alikuwa mtumishi mkubwa wa Mfalme Henry wa Nane, yule mfalme aliyezivunja nyumba za watawa nchini mwake na kugawa mali zao. Thomas alipewa abasia ya Titchfield, karibu na pwani ya kusini ya Uingereza, akaigeuza kuwa jumba lake.

Henry alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1573, na ajabu ni kwamba baba yake alikuwa ametoka kifungoni miezi michache tu kabla. Alifungwa wapi? Katika Mnara uleule wa London. Baba alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo malkia wake, Elizabeth wa Kwanza, alikuwa Mprotestanti, naye alishukiwa kujihusisha na njama dhidi ya malkia huyo. Mtoto hakulelewa katika amani. Baba na mama waligombana na kuishi mbalimbali, na Henry alipokaribia kutimiza miaka 8, baba akafariki. Mtoto mdogo akawa erli.

Sura inayomwonyesha akiwa mtoto haikuchorwa. Ilichongwa. Katika kanisa la Mtakatifu Petro pale Titchfield kuna kaburi kubwa la mawe la wazee wake. Babu, bibi na baba wamechongwa wakiwa wamelala chali na mikono imefumbatwa. Chini, ubavuni mwa kaburi, amepiga magoti mtoto, naye ndiye Henry. Mimi kila nikiitazama sanamu hiyo huona kwamba hata mchongaji alimpa mzigo mkubwa kuliko umri wake: watu wazima wamelala, yeye ndiye aliyeachwa macho awaombee.

Sheria ya Uingereza wakati huo ilisema mrithi mdogo wa mwinyi aliyefariki huwekwa chini ya ulezi wa taji. Mlezi aliyeangukiwa na Henry alikuwa Lodi Burghley, mshauri mkuu wa malkia, ambaye nyumba yake jijini London ilikuwa kama shule ya mayatima wa kiungwana. Walisomeshwa Kilatini, Kifaransa, kucheza dansi, kupanda farasi. Mwaka 1585, akiwa na miaka 12, Henry alipelekwa chuo cha St John's, Cambridge. Naam, miaka 12. Alipofika 15 alikwisha kupata shahada yake ya pili.

Lakini ulezi huo ulikuwa na bei. Mlezi alikuwa na haki ya kumchagulia mchumba yule aliyemlea, na asiyekubali alitozwa faini. Burghley alimchagulia mjukuu wake mwenyewe, Elizabeth de Vere. Henry akakataa. Akabembelezwa, akatishwa, akakataa tena. Habari iliyoenea wakati ule ilisema kukataa kwake kulimgharimu pauni 5,000, fedha za kutosha kumfilisi mtu.

Katika miaka hiyohiyo ndipo alipochorwa picha inayopendwa sana na mabingwa wa sanaa. Mchoraji ni Nicholas Hilliard, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika kuchora picha ndogondogo za kutoshea kiganjani. Hilliard alichukua ngozi nyembamba ya ndama, akaibandika juu ya karata ya kuchezea ili isipinde, kisha akachora kwa brashi zenye ncha nyembamba mno, nukta moja baada ya nyingine. Picha ya Henry ilichorwa mwaka 1594, na umri wake umeandikwa hapohapo: miaka 20. Sasa iko katika makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge. Ndani yake yumo kijana mlaini wa uso, nywele za hudhurungi zimeteremka begani. Picha za namna hii hazikutundikwa ukutani ili wageni wazione. Zilitunzwa sandukuni au kuvaliwa mwilini, zikatolewa kwa mtu mmoja mpendwa. Ndiyo maana Henry wa Hilliard hana upanga wala nembo kubwa. Anataka apendwe, basi.

Na alipendwa, hasa na washairi. Mwaka 1592 tauni ililipuka London, na kumbi za michezo zikafungwa kwa muda mrefu ili watu wasikusanyike. Mtunzi mmoja wa tamthilia akakosa kazi. Akaandika shairi refu, akalichapisha mwaka 1593 na kumtunukia Henry kwa barua fupi yenye adabu nyingi. Mwaka uliofuata akamtunukia la pili, na barua ya safari hii ilijaa mapenzi kuliko ya kwanza. Mtunzi huyo alikuwa William Shakespeare. Mnamjua, ndiye yule ambaye Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Hakuna mtu mwingine ambaye Shakespeare alimtunukia kitabu kwa jina lake namna hiyo. Zipo pia tungo zake nyingine, zilizochapishwa mwaka 1609, zinazomhimiza kijana mzuri aoe asije akafa bila kuacha sura yake duniani. Wengi hudhani kijana huyo ni Henry, mkataa ndoa. Ushahidi wa kulikata shauri hilo haupo, na wasomi wanaendelea kubishana.

Kuoa, alioa. Ila alioa kwa namna yake. Katika nyumba ya malkia kulikuwa na mabinti wa kiungwana waliomhudumia, na hakuna aliyeruhusiwa kuolewa bila idhini yake. Mmoja wao, Elizabeth Vernon, alipendana na Henry, akashika mimba. Agosti 1598 Henry, aliyekuwa Ufaransa, alirudi kwa siri, wakafunga ndoa, akaondoka tena. Malkia alipopata habari aliwaka hasira na kuamuru maarusi hao wafungwe katika gereza la Fleet. Novemba mwaka huo akazaliwa binti yao, Penelope.

Elizabeth naye ana picha, na mimi naipenda sana. Amechorwa akiwa chumbani kwake anajipamba. Nywele zimefunguliwa zote, ana kitana mkononi, vito na pini za nguo viko hadharani. Mabibi wa kiungwana wa zama hizo walichorwa wamefungwa ndani ya nguo ngumu kama ubao, shingo imezingirwa na ukosi wa lesi. Huyu amejiachia. Mwanamke aliyetiwa gerezani kwa kumpenda mumewe ameagiza picha inayomwonyesha chumbani mwake kabla hajawa tayari kuonekana, na hajui kuona haya. Picha hiyo nayo iko Boughton.

Sasa tukaze mwendo, maana tunaukaribia Mnara.

Henry alikuwa na rafiki aliyempenda na kumfuata kila mahali: Robert Devereux, Erli wa Essex. Essex alikuwa kipenzi cha malkia, hodari wa vita, mwenye kiburi cha kuwatosha watu wawili. Mwaka 1599 alipelekwa Ireland kuzima uasi, akamchukua Henry na kumpa uongozi wa wapanda farasi. Malkia alikwisha kukataza Henry asipewe cheo, akaagiza aondolewe. Vita yenyewe ilishindikana, na Essex akarudi nyumbani bila ruhusa. Malkia akamweka kizuizini, na mwaka 1600 akamnyima kile kilichokuwa kisima cha fedha zake, yaani haki ya kukusanya ushuru wa mvinyo mtamu unaoingia nchini. Shikeni habari ya mvinyo huu, tutakutana nao tena.

Essex, mwenye madeni na hasira, akapanga kuingia ikulu kwa nguvu na kuwaondoa maadui zake waliomzunguka malkia. Henry alikuwa mkono wake wa kulia. Siku moja kabla ya tukio, wafuasi wao waliwalipa wachezaji wa kundi la Shakespeare shilingi 40 za ziada ili waigize ile tamthilia ya zamani ya Mfalme Richard wa Pili, mfalme anayevuliwa taji. Kesho yake, Jumapili tarehe 8 Februari 1601, Essex na Henry wakatoka na watu wapatao 300 kuelekea katikati ya jiji la London, wakiita wananchi wajiunge nao. Wananchi walifunga milango. Hakuna aliyetoka. Wakarudi nyumbani kwa Essex kwa kupitia mtoni, nyumba ikazingirwa, mizinga ikaletwa, na usiku huo wakajisalimisha.

Uasi mzima haukumaliza hata siku moja. Tarehe 19 Februari walihukumiwa kifo wote wawili kwa kosa la uhaini, katika ukumbi mmoja na mbele ya majaji walewale. Tarehe 25 Essex alikatwa kichwa ndani ya Mnara. Henry alisubiri zamu yake.

Zamu haikufika. Mama yake aliandika barua za kuomba huruma, mkewe pia. Robert Cecil, mtoto wa Burghley na waziri mkuu wa malkia, alimsihi malkia amwonee huruma kijana aliyepotezwa na rafiki. Hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Akavuliwa cheo, mali zake zikachukuliwa, naye akawa mtu wa kuitwa Henry Wriothesley tu. Miaka miwili alikaa Mnarani, na mara kadhaa aliugua vibaya.

Na paka je? Kuna simulizi iliyoandikwa karne ya 18 kwamba paka huyu alikuwa wa Henry tangu nyumbani, akamtafuta bwana wake London nzima, akapita juu ya mapaa hadi Mnarani, kisha akateremka kwa bomba la moshi mpaka chumbani mwake. Najua mngependa iwe kweli. Hata mimi ningependa. Nadhani lililo karibu na ukweli ni kwamba paka aliletwa na watu wa nyumbani, au alikuwa mmojawapo wa paka wa ngome waliozoea kukamata panya. Lakini rudieni ule ufunguo niliowapa. Henry alipoagiza picha hii, angeweza kuchorwa na mbwa wa kuwindia au farasi, kama walivyofanya mamwinyi wenzake. Akamchagua paka, mnyama asiyetii amri ya mtu, akamweka ubavuni na kumwelekeza kwetu. Mimi naona kuna ujumbe hapo, na unaendana na yale maneno ya Kilatini.

Malkia Elizabeth alifariki tarehe 24 Machi 1603. Mfalme mpya, James, alitoka Scotland, naye aliwapenda waliokuwa upande wa Essex. Mojawapo ya amri zake za kwanza ilikuwa kumtoa Henry Mnarani, na tarehe 10 Aprili akawa huru. Hivyo ndivyo zilivyopatikana zile tarehe za pichani. Uingereza wa siku hizo ulianza kuhesabu mwaka mpya tarehe 25 Machi, si Januari. Ndiyo sababu uasi ambao sisi tunausema ni wa Februari 1601, wao waliuandika Februari 1600. Mchoraji, ambaye hudhaniwa kuwa John de Critz, hakukosea.

Kwa hiyo picha ya mfungwa ilikamilishwa mwenyewe akiwa amekwisha kufunguliwa. Fikirini hapo. Angeweza kuagiza picha ya shangwe, kofia yenye manyoya na farasi mweupe. Akaagiza ya huzuni, yenye nguo nyeusi na ngome. Alitaka mfalme mpya na watu wote wajue aliteswa kwa ajili ya jambo alilolishikilia. Picha hiyo haisemi kwamba alichukua silaha dhidi ya malkia wake, wala kwamba walikuwepo watu waliokufa siku ile ya Februari kwa sababu yake na Essex. Inasema hakushindwa. Ni picha nzuri mno, na haisemi yote.

Fadhila zikamiminika. Alirudishiwa cheo cha erli na mashamba, akavishwa nishani ya Garter, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote za kiungwana Uingereza, na akapewa ule ushuru wa mvinyo mtamu aliokuwa amenyang'anywa Essex. Kifo cha rafiki yake na utajiri wake mpya vilikutana hapo.

Picha za utu uzima wake hazina tena yule kijana wa nywele ndefu. Katika ile inayohusishwa na mchoraji Daniel Mytens, ya karibu mwaka 1618, ana ndevu na utulivu wa mtu aliyezoea kuketi barazani. Wakati huo mawazo yake yalikuwa ng'ambo ya bahari.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa habari za mwinyi huyu zinaigusa Afrika, na wasimuliaji wengi hupita mbio.

Henry alikuwa mjumbe wa baraza la Kampuni ya Virginia tangu 1609. Kampuni hiyo ilikusanya fedha za wenye hisa na kupeleka Waingereza kufanya makazi Amerika Kaskazini, katika ardhi ya watu wa Powhatan. Mwaka 1620 alichaguliwa kuiongoza. Mfalme hakumtaka kiongozi aliyemtangulia, Edwin Sandys, hivyo Henry akawekwa mbele na Sandys akaendelea kushauri. Watu walimsifu kwa bidii, na bidii ilikuwepo. Lakini makazi yale yaliishi kwa tumbaku, tumbaku ilitaka ardhi, na ardhi ilikuwa na wenyewe. Tarehe 22 Machi 1622 Wapowhatan, wakiongozwa na Opechancanough, walishambulia makazi na kuua watu 347. Waingereza wakalipiza kisasi kwa miaka mingi, wakichoma mashamba ya mahindi na kuwaua waliowakuta.

Na chini ya mwaka mmoja kabla Henry hajachaguliwa, mwishoni mwa Agosti 1619, meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia. Ndani yake walikuwemo Waafrika zaidi ya 20. Walitekwa katika ufalme wa Ndongo, nchi ambayo sasa ni Angola, wakapakiwa katika meli ya Wareno, na meli hiyo ikaporwa baharini. Wenye makazi wakawanunua kwa kuwapa mabaharia chakula. Hao ndio Waafrika wa kwanza walioandikwa kufika katika makazi ya Waingereza huko. Katika orodha ya wakazi iliyoandikwa mwanzoni mwa 1625 wamo Antony na Isabella, na mtoto wao William aliyebatizwa. Ni mstari mmoja wa wino. Henry, aliyekuwa mkubwa wa kampuni iliyotawala ardhi ile, ana sura yake ya kitoto, ya ujana, ya kifungo na ya uzee. Antony na Isabella hawana hata moja. Mji wa Hampton, ambamo Point Comfort imo, husemwa umepata jina lake kutokana na cheo cha Henry.

Msidhani namlaumu mchoraji. Mchoraji alifuata fedha. Nawaambia haya ili mkisimama siku moja mbele ya ukuta wenye nyuso za mamwinyi, mjue ukuta ule ulijazwa na waliokuwa na uwezo wa kulipa.

Kampuni ilivunjika mwaka 1624, mfalme akaichukua Virginia mikononi mwake. Mwaka huohuo Henry aliongoza kikosi cha Waingereza waliokwenda kuwasaidia Waholanzi dhidi ya Hispania. Alimchukua mwanawe mkubwa, James, kijana wa miaka 19. Homa iliwakumba kambini. James alifariki tarehe 5 Novemba. Baba, akiwa bado mgonjwa, aliondoka na maiti ya mwanawe kuelekea nyumbani, na alipofika Bergen op Zoom naye akafa, tarehe 10 Novemba 1624. Walizikwa Titchfield, baba na mwana, katika kanisa lilelile lenye sanamu ya mtoto aliyepiga magoti.

Cheo kilikwenda kwa mwanawe wa pili, Thomas, aliyefika kuwa mweka hazina mkuu wa ufalme na kuanzisha uwanja wa Bloomsbury jijini London. Alipofariki mwaka 1667 hakuacha mtoto wa kiume, na cheo kile kikaishia hapo. Waliobaki ni wanawake, na mali ya ukoo, picha zikiwemo, ilisafiri kwa njia yao. Binti mmoja wa Thomas aliolewa na Ralph Montagu, aliyeijenga upya Boughton. Ndiyo njia iliyompeleka paka wetu huko. Penelope, yule mtoto aliyezaliwa wazazi wakiwa wamekasirikiwa na malkia, aliolewa katika ukoo wa Spencer, na katika kizazi chake, karne nyingi baadaye, alizaliwa Binti Mfalme Diana, mama yao Wanamfalme William na Harry.

Bado picha moja. Katika familia moja iitwayo Cobbe kulikuwa na picha ya zamani ya mwanamke kijana: midomo imetiwa rangi, hereni sikioni, nywele ndefu zimelazwa upande mmoja, mkono umewekwa kifuani, ukosi wa lesi wa bei ghali. Nyuma yake palikuwa na maandishi kwamba huyo ni Lady Norton, binti wa askofu. Vizazi na vizazi viliamini hivyo. Kisha wataalamu wakaanza kutilia shaka, wakaitazama ile lesi na kuona ni ya miaka ya mwanzo ya 1590, wakaulinganisha uso ule mrefu, pua na nywele na picha ya Hilliard na ya Mnarani. Mwaka 2002 wakatangaza kwamba huyo si Lady Norton, bali Henry Wriothesley, akiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati Shakespeare alipomtunukia shairi la kwanza. Sasa picha hiyo huonyeshwa Hatchlands, Surrey, kwa jina lake mwenyewe.